Mwaka Fundi Ismaili Alipokataa Kubebwa

Hadija alinipigia simu mchana, nikiwa chumba cha walimu na rundo la mitihani mbele yangu. Hakunisalimia. "Tedi, Bi Somoe katutoka," alisema. "Wanazika leo hii, baada ya alasiri, huko huko Mbweni kwa mwanawe." Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikajifunga kanga juu ya gauni la kazini, nikatoka Kimara nikiwa bado na wino mwekundu kwenye vidole. Nilipofika, wanaume walikuwa wanachimba, na kwa sekunde chache nilidhani kaburi linachimbwa pale pale uani. Kumbe walikuwa wanachimba mfereji. Mvua ya jana yake ilikuwa imetuama kuzunguka nyumba, nyumba nzuri, mpya, ya vigae na ukuta mrefu, na maji yalikuwa yamefika hadi chini ya turubai, wanawake wamekunja mikeka wanasubiri pakauke. Hadija alikuwa ameketi kwenye ngazi za barazani, ameshika viatu vyake mkononi. Amenenepa, meno ya mbele yamepungua, lakini macho ni yale yale. "Shabani kamtoa mama yake Keko akamleta huku apumzike na maji," alininong'oneza. "Haya, tazama mwenyewe." Mama mmoja wa jirani akatusikia, akasema kwamba zamani eneo lile lote lilikuwa mashamba ya mpunga. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa tu.

Walipolitoa jeneza, wanawake tulibaki. Tuligawiwa chai ya rangi na maandazi, watu wakaanza kumtaja marehemu kwa mema yake, na wengi waliomtaja walimjua akiwa bibi mtulivu wa Mbweni anayekaa barazani na tasbihi. Mimi na Hadija tulikuwa na Bi Somoe mwingine. Wetu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na mwenye mume kitandani. Hadija akaniuliza, "Unakumbuka Mzee alivyoishika ile nondo ya dirisha?" Nikamwambia nakumbuka. Niliporudi nyumbani jioni ile mwaka mzima ulikuwa umenirudia, na tangu siku hiyo haujaniacha.

Namna nilivyofika Keko ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja kwenda chuo cha ualimu, na nikapata chumba kwa Bi Somoe. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo, na nyuma ya ukuta wa uani, mto. Tuliuita mto, ila miezi mingi ulikuwa mtaro mpana wa maji meusi uliobeba chupa na mifuko taratibu kuelekea baharini. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na uani. Ukikaa kitandani asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, uliona chini ya chokaa mistari ya mafuriko ya zamani, mmoja juu ya mwingine, na Bi Somoe aliijua yote kwa matukio: huu wa mwaka Shabani alipotiwa jandoni, huu wa mwaka alipofiwa na mama mkwe. Nilimuuliza mbona mstari wa juu kabisa ulikuwa karibu na kifua changu. Akacheka. "Huo wa juzi juzi tu, mwanangu. Zamani maji yalikuwaga ya miguuni. Siku hizi huko juu wamejenga kila mahali, wamemwaga zege, maji yote yanatujia sie." Kisha akaniuliza kama nala kisamvu cha nazi, maana kilikuwa kinaiva.

Mumewe, Mzee Ismaili, alilala chumba cha mbele, upande wa barabara. Alikuwa fundi seremala, mtu wa Lindi, na nusu ya makabati ya mtaa ule yalikuwa kazi ya mikono yake. Kiharusi kilimpata kabla sijafika. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na maneno yakawa yanatoka mazito, kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akili ilikuwa yote. Karakana yake ilikuwa hatua chache juu, kando ya barabara, ikiendeshwa na vijana aliowafundisha, na yeye alilala akiwasikiliza. Harufu ya vanishi na vumbi la mbao viliingia dirishani mchana kutwa. "Huyo anaparaza," alikuwa akiniambia nikimpelekea uji. "Hapigi randa huyo, anaparaza." Nikimwamkia, "Shikamoo, baba," aliitika marahaba na hapo hapo kuuliza kama nimekula. Ndugu zao wakiwaletea ming'oko, vile viazi vya porini, kutoka kusini, Bi Somoe aliichemsha kwa chumvi, na yeye aliimenya kwa mkono wa kushoto, taratibu, akikataa kumenyewa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua juu yake: kila alichoweza kufanya mwenyewe, hata kwa saa nzima, alikifanya mwenyewe.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Zilikomea kwenye boriti, kisha bati. Kwa hiyo mazungumzo ya chumba kimoja yaliishi vyumba vyote, na wapangaji tulikuwa na adabu ya kujifanya hatusikii. Baada ya isha niliwasikia Bi Somoe na mumewe wakizungumza, yeye akimkanda mkono kwa mafuta ya nazi. Walizungumza habari za mbao, za Shabani aliyekuwa kazini Mwanza, za nani kaoa nani. Wakati mwingine walicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akakohoa kuwakumbusha kwamba wanasikika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kusikia mume na mke wazee wakichekana namna ile.

Mradi wa kujikinga na mafuriko ulikuja baada ya mvua za vuli. Walituita ofisi ya serikali ya mtaa, wakatukalisha kwenye mabenchi, na mratibu wao, Bwana Kessy, kijana mrefu mwenye miwani na sauti ya upole, akatueleza kwamba mafuriko hayazuiliki yote lakini vifo vinazuilika. Nalikumbuka neno hilo kwa sababu lilinipendeza. Tulichora mtaa wetu sakafuni kwa chaki: mto, vichochoro, msikiti, shule ya msingi juu ya kilima. Mimi na Hadija, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mshona nguo, tulichaguliwa kuwa watoa tahadhari wa bonde. Bwana Kessy akauliza nyumba gani zina watu wasioweza kukimbia. Bi Somoe, aliyekaa mbele kama mjumbe, akainua mkono.

"Kwangu. Mume wangu hatembei."

Bwana Kessy akachuchumaa, akaweka alama ya chaki nyekundu juu ya nyumba yetu.

"Na hiyo maana yake nini, baba?" Bi Somoe akamuuliza.

"Maana yake, mama, hapa ndipo tutakapoanzia. Yeye atatoka kabla ya wote."

Bi Somoe aliitazama ile alama kwa muda. "Alhamdulillahi," akasema, na niliona bega lake likishuka, kama aliyetua ndoo.

Ule ulikuwa wakati mzuri, na sitaki kuusimulia kama vile tulijua yajayo. Tulichimbia nguzo mtoni, tukaipaka kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Tulijifunza kupiga filimbi: mara moja kujiandaa, mfululizo kutoka. Vijana wa karakana wakaambiwa watengeneze machela ya kumbebea Mzee, na Mzee mwenyewe akaisimamia kutoka dirishani. Aliwakatalia mbao ya kwanza, akawakatalia na ya pili. Alitaka mninga. "Nitalala juu yake mie, si nyie," alisema. Ilipokamilika ilikuwa nzito kupita ilivyotakiwa, imepigwa msasa na vanishi, mishikio yake imechongwa mviringo isiumize viganja. Wakaiingiza chumbani, akaipapasa kwa mkono wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho. "Imekaa," akasema. Kwa Mzee Ismaili hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia sasa. Kila mwaka nafika kwenye mada ya majanga na namna ya kupunguza madhara yake, na ubaoni naandika yale yale: elimu kwa jamii, tahadhari ya mapema, njia za kutokea, mahali pa kukimbilia, kuwatambua wasiojiweza. Wanafunzi wananakili, na kwenye mtihani wananirudishia kwa mpangilio ule ule, nami nawapa alama zao. Sijawahi kuwaambia kwamba sisi tulikuwa na kila kitu kilichoandikwa pale ubaoni. Mwaka mmoja msichana mmoja alininyooshea mkono akauliza, "Sasa madamu, kama watu wameambiwa mapema, wanakufaje?" Nikamwambia wengine huwa wanakaidi. Nilitoka darasani nimejichukia, maana nilimwona Mzee Ismaili waziwazi nilipotamka neno hilo, na ukaidi si jina la kile alichokuwa nacho.

Zoezi lilifanyika siku ya Jumamosi, kukiwa na jua kali. Filimbi zikalia, watu wakatoka wakicheka, kina mama wamebeba watoto na vyungu vitupu kwa maonyesho, wageni wa mradi wakipiga picha. Vijana wanne wakamwingiza Mzee kwenye machela, amevaa kanzu nyeupe na kofia, na katika kichochoro watu wakampigia makofi. Alikuwa akitabasamu kwa upande ule mmoja uliobaki. Kule shuleni wakamweka darasa la pili, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, na mwalimu mmoja, kwa nia njema, akafunga mlango ili watoto wasimsumbue. Nje kulikuwa na turubai, hotuba, fulana na soda. Bi Somoe alikuwa amekalishwa meza kuu na wageni, kwa cheo chake cha ujumbe, na kila alipotaka kuinuka alishikwa mkono: mama subiri, sasa hivi anakuja mgeni rasmi. Sisi watoa tahadhari tulikuwa tumepangwa mstari mbele. Mgeni rasmi alichelewa sana. Hakuna aliyekuwa amefikiria, katika semina zote zile, kwamba mtu akishafikishwa salama bado ana mwili.

Tulipofungua mlango harufu ilitupokea. Watoto walikuwa wamejazana dirishani kwa nje, wamepanda juu ya matofali, na mmoja wao alikuwa anaeleza wenzake. Mzee alikuwa ameita, lakini sauti yake ile nzito haikuvuka kelele za spika. Bi Somoe aliwafukuza watoto, akavua kanga yake ya juu, mimi nikaleta maji kwenye ndoo ya kufutia ubao, tukamsafisha pale pale juu ya madawati. Mzee alitazama ukutani, pale walipobandika picha za wanyama na majina yao chini. Alipokuwa anageuzwa alishikilia ukingo wa dawati kwa mkono wake mzima. Wakati wa kurudi watu hawakupiga makofi. Walimpisha tu, na upole wao, nadhani, ndio uliomaliza kazi.

Jioni ile, juu ya kuta zile fupi, sikusikia kicheko. Nilisikia maji yakimiminwa, kisha sauti ya Mzee.

"Somoe. Mie sibebwi tena."

"Ile ilikuwa bahati mbaya, baba Shabani. Safari nyingine nakaa na wewe, sibanduki."

"Safari nyingine haipo. Vitoto vya kina Mwajuma vimeniona. Vile ambavyo nimevichongea vitanda."

"Na maji yakija?"

"Yakija yatanikuta kwangu."

Bi Somoe akamwambia asiseme hivyo. Akamwambia ni dhambi. Halafu akalia, na Mzee akamwambia, kwa ule ulimi mzito, "Usilie, mama. Nikande mkono." Mpangaji wa chumba cha pili hakukohoa.

Tulijaribu kila njia katika wiki zilizofuata. Bi Somoe alimleta shehe, wakazungumza habari za dini na za ng'ombe, wakaachana marafiki, na jibu likabaki lile lile. Bwana Kessy alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaomba radhi kwa heshima kubwa na kuahidi pazia na beseni na mtu wa kukaa naye. Mzee akamshukuru. Akamwuliza kama yeye na mkewe wana kitanda kizuri. Shabani akapiga simu kutoka Mwanza, Bi Somoe akamwekea simu sikioni, na Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia, mwanangu," akasukuma simu pembeni. Mimi nilimpelekea uji na kujaribu bahati yangu. "Baba, mie nitaogopa sana ukibaki." Alinitazama kwa huruma kabisa. "Utatoka na wenzio," akanambia. "Wewe una miguu."

Masika ilianza taratibu, kisha ikaacha utaratibu. Siku ya mafuriko redio ilikuwa imetangaza tangu jana yake, na asubuhi mvua ilinyesha bila kupumzika hadi bati likawa haliruhusu mtu kumsikia mwenziwe. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa kwenye njano. Nikapiga filimbi mara moja, Hadija akapiga upande wa pili wa mtaa, na nasema kweli, bonde lilitii. Watu walifunga magodoro kwa kamba, wakainua friji juu ya meza, wakawatanguliza watoto na wazee. Kazi yetu yote ya miezi ile ilifanya kazi mbele ya macho yangu. Maji yaligusa nyekundu upesi kuliko tulivyofundishwa, tukapiga mfululizo, na vichochoro vikawa vinapanda na watu, wakishikana mikono kama walivyozoezwa. Vijana wanne wa machela hawakuikimbia zamu yao. Walifika wameloa chapachapa, mninga ule mabegani, wakaingia chumba cha mbele kabla ya nyumba nyingine yoyote, kama ilivyoahidiwa.

Mzee Ismaili aliwaona, akapeleka mkono wa kushoto dirishani na kuishika nondo.

"Twende, mzee," mkubwa wao akasema. "Maji hayo, yanakuja."

"Nendeni, wanangu. Mmefanya vizuri."

"Mzee, tutakubeba kwa nguvu."

"Mtanivunja vidole kwanza."

Walikuwa na nguvu za kutosha. Mmoja alishaanza kuubandua ule mkono, kidole kimoja kimoja, na Mzee akageuza uso akawa anaugulia, si kwa maumivu, ni kama mtu anayevuliwa nguo barabarani. Bi Somoe alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda na bahasha ya dawa kifuani. Akapiga kelele, "Mwacheni!" Kijana akaacha. "Mwacheni, baba zangu. Nendeni kwa bibi Fatuma, yule hana mtu." Wakamtazama, wakanitazama mimi, kana kwamba mimi na filimbi yangu tulikuwa na neno la ziada. Wakatoka na machela, na baadaye niliambiwa kwamba walimtoa bibi Fatuma na mjukuu wake mdogo pamoja, wamelala juu yake wawili.

Hadija alipita mlangoni akaniita, nikamwambia atangulie, namsaidia mama kidogo. Tuliburuta meza mbili za kazi zilizokuwa koridoni, tukainua kitanda upande mmoja, kisha wa pili, Mzee akiwa juu yake akituelekeza: weka kabari hapo, hapana, geuza. Tulipomaliza nilifungua mlango wa mbele nitoke, na kichochoro hakikuwepo tena. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakwenda kwa kasi, na ndani yake kochi jipya, bado lina nailoni yake, linazunguka. Nikafunga mlango kama vile mlango ungesaidia. Maji yalikuwa tayari yanabubujika kutoka chooni kuja koridoni, na yalipoingia chumbani yaliingia kwa adabu, kimya, chini ya kizingiti, yakaanza kuvinyanyua vitu vilivyo vyepesi: kandambili, sufuria, mkeka.

Tukapanda kitandani wote watatu. Bi Somoe alikaa upande wa kichwa akamweka mumewe mapajani, mimi nikakaa upande wa miguu nimeikumbatia. Juu yetu bati, na bati lile lilikuwa karibu. Nilisali kwa dini yangu na wao kwa yao. Maji yalipofika kwenye chaga za kitanda godoro likaanza kunywa, na nikahisi baridi ikinipanda mapajani, na nikaanza kulia kwa sauti, kama mtoto. Mzee Ismaili akasema kitu. Sikukisikia kwa mvua. Bi Somoe akaniinamia akanipa ujumbe: "Anasema umsamehe. Anasema hakujua kuwa na wewe utabaki."

Hakuna lolote la kufanya katika hali ile. Watu hunidai, nikisimulia, nieleze tulifanya nini. Tulikaa. Bi Somoe alimwinua mabega kila maji yalipoongezeka, mpaka akawa amemkalisha kifuani mwake, mikono yake miwili imemzunguka, na ile mikono ikafa ganzi lakini hakuiachia. Maji yale ya matope yalikuwa yamefika kiunoni mwake yeye, Mzee. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, hata ule upande uliokufa. Halafu, bila ishara yoyote, maji yakaacha kupanda. Tulikodolea macho kitasa cha kabati, kikabaki pale pale, kikabaki, na karibu na magharibi kikaanza kuonekana chote. Vijana walitufikia kwa kamba. Safari hiyo hakushika nondo. Hakuwa na nguvu ya kushika chochote, na walimbeba, akiwa amefumba macho.

Alikufa hospitalini kabla matope hayajakauka vizuri mtaani. Mapafu. Daktari alisema baridi ile ilimkuta mtu ambaye kifua chake kilikuwa dhaifu kwa kulala muda mrefu, na Bi Somoe aliitikia "ndiyo, baba" kwa kila sentensi. Tulimzika Temeke. Bwana Kessy alikuja mazikoni, akasimama nyuma na viatu vyake vya matope, na alilia, hilo nalisema kwa haki yake.

Baadaye kulikuwa na mkutano pale pale shuleni, turubai lile lile. Mgeni akasoma taarifa kwamba katika bonde letu, kwa sababu ya maandalizi ya wananchi wenyewe, hakuna mtu hata mmoja aliyepoteza maisha. Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki, maana mabonde mengine yalizika watoto. Mimi na Hadija tulivishwa shada. Bi Somoe, katika nguo zake nyeupe za eda, hakuwepo. Ila mtaa ni mtaa, na spika zilikuwa kubwa. Mkutano ulipokwisha nilimfuata Bwana Kessy kwenye gari.

"Na Mzee Ismaili?"

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Mzee alifia hospitalini, Tedi. Kwa ugonjwa. Sina mahali pa kumweka."

"Lakini unajua."

"Najua," akasema. "Najua, dada yangu."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Somoe uani anachagua mchele. Alinipisha kwenye mkeka. "Wamesema vizuri," akasema. "Nimesikia. Hata mie ningepiga makofi." Akaendelea kutoa mawe kwenye ungo.

Aliendelea kukaa pale. Shabani alikuja akamtaka waende Mwanza, akakataa mpaka eda iishe, na ilipoisha akasema wapangaji wake watakaa na nani. Alipaka chokaa chumba cha mbele. Jioni nilimsikia mara moja moja akizungumza mle ndani kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizwa na kujibu, nikajifunza kukohoa.

Mwishoni mwa mwaka, barua yangu ya chuo ikiwa imeshatoka na mizigo yangu imeshafungwa, vuli ilikuja na mvua ya nguvu asubuhi moja. Maji hayakuwa hata yamefika njano. Nilitoka chumbani kumwambia asiwe na wasiwasi bado, nikamkuta mlangoni, amevaa viatu, mwavuli mkononi na mfuko mdogo begani. Akanipita akatoka. Nikamfuata, na majirani walipomwona mjumbe anapanda nao wakaanza kupanda, bila filimbi. Alitembea kichochoro kile kwa mwendo wake wa siku zote, akafika shuleni, akakung'uta kiti cha barazani, akaketi. Mvua ikakatika muda si mrefu. Jua likatoka, bonde likabaki pale chini limelowa tu, mapaa yanatoa mvuke, watu wakaanza kucheka na kushuka kurudi makwao. Yeye hakuinuka. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Umeona nilivyotoka, Tedi?" akanambia.

"Nimeona, mama."

"Nimefunga mlango tu, nikaja." Alivitazama viatu vyake, vilikuwa na tope kidogo sana. "Kumbe ukiwa huna mtu, kutoka ni kitu chepesi hivi."